Mwaka Noti Zilipokufa

Zaituni alifika kwangu Msambweni siku ya Ijumaa baada ya swala, baibui lake limejaa vumbi la safari, akapiga hodi kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama nyumba ndiyo. Nilimjua kabla hajataja jina. Alikuwa na paji la uso la babake, pana, na ile tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anaposikiliza. Akaniamkia, akaniambia anatoka Tanga, amevuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi, na amekuja na habari ya msiba. Nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu, unywe maji. Najua. Babako amefariki Jumatatu ya juma lililopita, asubuhi, jua halijapanda." Bilauri ikamsimama mkononi. Akauliza ni nani aliyemtangulia na habari hiyo, nami sikumjibu papo hapo, kwa sababu jibu lake ni refu na linaanzia katika mwaka mmoja wa ujana wangu, nilipoishi katika nyumba hii hii na shangazi yangu Mejumaa, mwaka ambao noti za zamani zilikufa.

Wazee wangu siwaelezi hapa. Walikuwa watu kama watu wengine, na wakati huo hawakuwa na la kufanya nami ila kuningojea niolewe. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, bendera ya ofisi ya chifu ilikuwa haijapauka. Nilikuwa nimeposwa na Rashidi, kijana wa Bodo, mwenye mikono mirefu na maneno machache, na mahari ilikuwa imekwisha kutajwa. Sehemu kubwa alikuwa nayo. Iliyobaki alisema ataifuata Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na kabla hajaondoka akaileta ile aliyokuwa nayo kwa shangazi, imefungwa ndani ya leso nyekundu. Ilikuwa kipande kimoja cha doti. Kipande cha pili alinipa mimi. Macho ya shangazi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akahitaji mtu wa kumsomea Kurani, kumtungia uzi sindanoni na kumpikia, kwa hiyo nikapelekwa kwake. Wakubwa walicheka wakasema nakwenda kukaa karibu na mali yangu. Mimi pia nilicheka, maana wakati ule niliamini ni yangu.

Shangazi alikuwa mtunza amana. Benki ilikuwa Mombasa, na Mombasa ilikuwa mbali kwa zaidi ya njia yake, kwa hiyo watu wa kuanzia Bodo mpaka kule juu kwa wafugaji walimletea pesa zao awatunzie. Hakuchukua ujira. Chumba chenyewe kilikuwa katikati ya nyumba, hakina dirisha, na juu yake boriti za mikoko zilipita nyeusi kwa moshi wa miaka. Pesa hazikukaa sandukuni wala chini ya ardhi. Kila mtu alikuja na kitambaa chake, akafunga fundo lake mwenyewe kwa namna yake, na shangazi akalining'iniza kwenye boriti kwa kamba ya makumbi ya nazi. Ukiingia na taa uliyaona mafundo yote juu ya kichwa chako, la kikoi, la kaniki, la shuka la mfugaji lililonuka maziwa, na chini yake harufu ya udi na ya shaba iliyoshikwa na mikono mingi. Hakuna fundo lililogusana na jingine. Siku ya kuja kuchukua, mwenyewe alilifungua kwa mkono wake mbele ya shangazi, akaangalia, kisha akasema, "Nimepokea. Uko huru." Bila maneno hayo shangazi hakumwacha mtu avuke kizingiti, hata kama amechelewa na shughuli zake.

Jambo lililonitisha halikuwa mafundo. Lilikuwa desturi yake ya asubuhi. Akimaliza uji wake alinawa, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba kile, akapiga hodi. Hodi, katika chumba kitupu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akangoja kidogo, akaingia, akatoa salamu, kisha akaanza kuwaita wenye mafundo, mmoja mmoja, kwa majina yao, na baada ya kila jina akanyamaza. Mimi nilikuwa uani nachambua kunde, na ukuta ule ulikuwa wa udongo mwembamba, kwa hiyo nilisikia yote. "Omari." Kimya. "Biasha." Kimya. Kimya chenyewe hakikuwa sawa. Kingine kilikuwa kifupi, kingine kirefu, jinsi unavyozungumza na watu wenye tabia mbalimbali. Nilipomwuliza anafanya nini mle ndani, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula.

"Nawaita," akasema. "Ukishika mali ya mtu, umemshika mwenyewe kidogo. Lazima ujue kama yuko."

"Na wao husema nini?"

"Huitika. Wewe ungependa waseme nini?"

Nikamcheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimesoma madarasa kadhaa na nilijiona mjanja. Lakini juma moja shangazi alipata homa, akanituma niingie mimi badala yake, kwa kuwa amana haiwezi kulazwa siku nzima bila salamu. Nikapiga hodi nikiona haya. Nikaingia na kibatari, nikaita jina la kwanza, nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye. Hakuna kitu. Nikaendelea hivyo mpaka nikafika kwa Rashidi, na jina lake, kwa vile lilikuwa tamu kinywani mwangu, nililitaja polepole. Hewa ilikuwa imesimama kabisa. Moto wa kibatari haukutikisika. Fundo jekundu likaanza kugeuka kwenye kamba yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, na juu yangu pakatoka pumzi, kama ya mtu aliyechoka kungoja zamu yake. Nilitoka mbio nikimwaga mafuta ya taa. Shangazi, na homa yake, alicheka mpaka akakohoa. "Basi mchumba wako yu mzima," akasema, "nenda kasonge sima."

Nilisonga sima kwa furaha siku ile. Nilisonga ya watu watatu, bila kujua, nikaiweka sinia katikati na upande mmoja ukabaki. Tabia hiyo ilinishika nikashindwa kuiacha. Shangazi alikula kwa upande wake, mchicha wake na kipande chake cha papa mkavu, na upande wa tatu aliwaachia kuku.

Karani kijana wa posta alipata kuja nyumbani, amevaa suruali fupi iliyopigwa pasi, kumshawishi shangazi awaambie watu wake waweke pesa kwenye akiba ya serikali. Alieleza kwa adabu kwamba huko pesa huongezeka zenyewe, mwaka kwa mwaka, mwenyewe amelala. Shangazi alimmiminia chai ya tangawizi, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza huzaa na nani. Kijana hakuelewa. "Hizo pesa," shangazi akasema. "Zinazaa gizani, peke yake, na mtoto hajulikani baba. Mimi kitu cha namna hiyo nitakiogopa kulala nacho nyumba moja." Karani alitazama mlango wa kile chumba, na ninaapa aliharakisha kumaliza chai. Nimeifikiria sana kauli ile katika maisha yangu, na mjukuu wangu anaponionyesha kwenye simu yake mkopo uliozaa mkopo mwingine, huwa naona kwamba bibi yule hakuwa anatania.

Kisha habari ikaja. Ilianza kwenye redio ya dukani, ikathibitishwa na chifu barazani: nchi yetu sasa ina pesa zake, Tanzania zake na Uganda zake, na zile za zamani zilizotumika kote, noti zenye kichwa cha malkia, zipelekwe zikabadilishwe. Ikatajwa siku, na baada ya siku hiyo noti haitakuwa pesa tena. Watu walicheka kwanza. Mzee Omari wa Bodo alikuja akaketi uani, akauliza shangazi swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa vizuri zaidi na msomi yeyote. "Mejumaa, noti ni ile ile, rangi ile ile, haijachanika. Sasa hicho kinachotoka ndani yake siku hiyo ni kitu gani, na kinakwenda wapi?" Shangazi akamwambia hajui, lakini asingoje kukiona kikitoka.

Wakaja wote. Mafundo yakashuka, yakafunguliwa mkekani, na nyumba ikajaa sauti ya "Nimepokea, uko huru." Kila aliyesema hivyo, jina lake shangazi hakulitaja tena chumbani. Asubuhi kwa asubuhi orodha ile ikafupika, nami uani nikawa nasikia majina yakipungua, mpaka ikawa hodi, salamu, jina moja tu, na kimya. "Rashidi." Kile kimya kilirefuka. Juu, kamba za makumbi zilining'inia tupu, na katikati yake lile fundo jekundu. Madereva wa malori ya Lunga Lunga walikuwa wameleta salamu zake mara mbili tatu mwanzoni mwa mwaka, kwamba yuko salama, kwamba kazi ya mkonge inachoma mikono. Baadaye waliniambia hawajamwona, kisha wakaanza kunikwepa.

Hofu yangu ilikuwa wazi na siioni aibu kuisema: mahari yangu ilikuwa inakufa juu ya kichwa changu. Nikamsihi shangazi. Nilimwambia tulifungue, tuzibadilishe noti kwa noti, shilingi kwa shilingi, tulifunge tena kwa leso ile ile, na Rashidi akija akute mali yake kamili. Nilimwambia pesa si karatasi, pesa ni thamani. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa karani, na niliyasema vizuri.

"Mimi sikukabidhiwa thamani," akasema. "Nilikabidhiwa fundo."

"Lakini litakuwa takataka, shangazi."

"Likiwa takataka, nitamrudishia takataka yake, imefungwa alivyoifunga. Nikianza kuwafungulia watu kwa faida yao, Tumu, kesho nitawafungulia kwa faida yangu, na wala sitaona nimevuka mpaka wapi."

Hata leo sijaamua kama alikuwa mcha Mungu au mkaidi. Siku ile niliamua ni mkaidi, nikaenda kulia karibu na kisima, nikarudi nikapika mbaazi nikazitia chumvi nyingi makusudi. Alizila zote.

Siku ya kuamkia ile ya mwisho alikuja mamake Rashidi. Alitembea kutoka Bodo, miguu yake imetapakaa tope la mikokoni. Tukamkaribisha mkekani, nikampa chai na muhogo wa kuchemsha, akavishika bila kuvionja. Akasema amekuja kuomba pesa ya mwanawe kabla haijafa. Paa lake linavuja, hana mtu mwingine, na kama mwanawe angekuwepo angemruhusu.

Shangazi alimsikiliza akiwa ameinamisha macho yake yenye ukungu. "Ni ya mwanao," akasema. "Kama yu hai, ni yake, tungoje aje. Kama hayupo tena duniani, wewe ni mrithi, sina haki ya kukunyima. Sema tu mbele yangu na mbele ya huyu Tumu, 'Mwanangu amekufa.' Ukisema, nainuka sasa hivi nakushushia."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na tulipoketi sote watatu tuliliona fundo. Mama yule alifungua kinywa, akakifumba. Alitazama leso niliyokuwa nimevaa mimi, akalitazama lile fundo, rangi ile ile, langu limechujuka kwa kufuliwa, lile bado bichi. Chai ikapoa ikatanda utando juu. Nilijikuta namwombea aseme na namwombea asiseme, katika pumzi moja. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Mwanangu amechelewa," akasema. "Amechelewa tu."

Akainuka, akafunga vipande vya muhogo kwenye pindo la leso yake, akaondoka. Kesho yake shangazi alipiga hodi kama kawaida na akaita jina. Kile kimya kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyovisikia. Alipotoka nilimwuliza kama ameitika. "Shika ungo," akaniambia, "kunde zina mchanga." Tukakaa uani tukipepeta mpaka jua likatua upande wa mashamba. Asubuhi ile zilikuwa pesa, magharibi zikawa karatasi, na hakuna mkono uliozigusa. Nilikwenda mlangoni nikatazama. Fundo lilikuwa limetulia vile vile, ila nilihisi, na sijui niseme vipi, kwamba sasa mle ndani mna maiti, na si ya Rashidi.

Mwaka ule uliniharibu na ukanitengeneza. Sikuolewa na Rashidi. Niliolewa baadaye na mwalimu wa hesabu, mtu mwema na mcheshi, tukazaa, tukakaa Kwale mjini, akatangulia mbele ya haki. Nilirudi Msambweni kumwuguza shangazi, ambaye wakati huo alikuwa haoni kabisa, na aliniomba nimpeleke mlangoni kila asubuhi akamwite yule mmoja aliyebaki. Karibu na mwisho wake nilimwuliza lile swali la siku ya kunde.

"Aliitika," akasema. "Aliitika siku ile, na kila siku tangu ile. Anaitika mpaka leo."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimemlilia Rashidi kama marehemu kwa miaka mingi, nikampa fatiha zangu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Yu hai na haji? Wewe ulikuwa unasonga sima ya watu watatu."

"Na mamake? Ulimwambia aseme amekufa."

"Angesema ningempa, ndiyo haki yake. Lakini ningekuwa nimemzika mtu anayeitika. Nilimshukuru Mungu aliposhindwa."

Kisha akanikabidhi lile fundo, kwa maneno, mbele ya jirani, na akafa akiwa na deni hilo moja tu la mtu asiyemwambia yuko huru. Sikutaka kulirithi. Nilikuwa na hasira na wote wawili. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya matanga miguu ilinipeleka yenyewe, nikapiga hodi. Nilimwita Rashidi kila siku tangu hapo, wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa ukali wa mke aliyecheleweshewa unga, na hakuna siku hata moja niliyomsikia. Mpaka Jumatatu ile ya juma lililopita. Nilitaja jina, nikanyamaza. Tangu ile pumzi ya wakati wa homa ya shangazi sikuwa nimemsikia akiitika, lakini siku ile nilisikia kwamba hakuitika.

Hayo yote nilimweleza Zaituni, chai yake ikipoa, naye alilia bila kelele. Akaniambia babake alioa Tanga mwaka ule ule, binti wa mnyapara wa shamba, mimba ikiwa imekwisha ingia. Mtoto yule ndiye yeye. Babake hakuwahi kuuficha mkasa wa fundo. Alipoulizwa kwa nini haendi kulichukua, alisema, "Maadamu lile limefungwa, sijamvunjia mtu ahadi." Nilimwambia Zaituni kwamba wanaume wana kipaji cha kujitungia sheria, akacheka katikati ya machozi, maana alimjua babake.

Tuliingia chumbani pamoja. Nilipiga hodi kwa mazoea. Nikalishusha fundo, nikaliweka mkekani, nikarudi nyuma, kwa kuwa mkono wangu haukuruhusiwa. Alihangaika nalo; jasho na miaka vilikuwa vimelikaza mpaka akatumia meno. Leso ilikatika kwenye mikunjo. Ndani noti zilikuwa zimeshikamana, zimeota ukungu kwenye kingo, na kichwa cha malkia kilikuwa bado kinatazama pembeni kana kwamba hakuna aliyempa habari. Zaituni aliuliza zina thamani gani. Nikamwambia tangu mwaka ule najaribu kulijibu swali hilo.

"Babangu alisema nikuombe radhi, mama," akasema.

"Ukifika kaburini mwambie radhi nitaitafuta. Ikipatikana nitaituma."

Alikubali. Akazikusanya noti ndani ya mtandio wake, akasimama mbele yangu wima, akavuta pumzi. Alikuwa amefundishwa maneno, nikayaona yanakuja.

"Nimepokea," akasema. "Uko huru."

Niliegemea ukuta. Sikujua kwamba mtu anaweza kuyangoja maneno matatu maisha yake yote huku akipika, akizaa, akizika. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamwombea safari njema, nikarudi nikalala kabla ya isha kama mtoto.

Kesho yake nilikunywa uji, nikanawa, na kabla sijafikiri mkono ulikuwa umekwisha shika kitasa. Nikapiga hodi. Nikatoa salamu. Boriti zilikuwa tupu, kamba ya makumbi inaning'inia, na sikuwa na jina la kuita. Kisha nikaita jina langu mwenyewe, "Mwanatumu," nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza shangazi, nikangoja.

"Abee," nikaitika.